Chai ya Mgonjwa

Mama mkwe alimwaga kopo la mwisho sakafuni, akalipiga teke.

"Umeificha wapi hiyo sumu?"

Msusi alisimama mlangoni mwa jiko, mikono bado inanuka mafuta ya nywele za wateja. Chumbani, mumewe, fundi saa, alikaa kitandani akihema kwa mluzi, midomo imemvimba kama ya bondia. Tangu atoke kliniki, hii ilikuwa mara ya tatu.

"Mama, nimefuata yote mwanao aliyoniambia kuwa daktari ameagiza. Juisi za chupa nimetupa. Jemu nimetupa. Kila kilichotiwa ile asidi ya benzoiki ya kuzuia vitu visioze, nimetupa."

"Basi mwanangu anavimbishwa na upepo?"

Fundi saa aliweka kikombe kitupu kando ya kitanda. Alikuwa ameshamaliza chai aliyopikiwa na mkewe, nzito kwa mdalasini na karafuu kama alivyoipenda siku hizi. Sasa alitazama ukuta.

"Leo hii unarudi kwenu," mama mkwe alisema. "Sitamzika mwanangu kwa ajili yako."

Msusi akamgeukia mumewe, akangoja.

"Msikilize mama," alisema fundi saa.

Msusi alifunga nguo zake kwenye begi huku machozi yanamtoka. Lakini hakwenda kwao moja kwa moja, alipitia kliniki. Alitaka ajue ni kitu gani kilichomponyoka jikoni mwake.

"Kwani asidi hiyo inatoka kiwandani tu?" daktari alimuuliza. "Hata vitu vya asili vinayo. Karafuu, matunda kadhaa, na mdalasini ndiyo usiseme. Wengi haiwadhuru, ila mwili wa mumeo hauitaki hata kidogo."

Begi lilimdondoka msusi.

"Kumbe ni mimi! Kila asubuhi ananiomba, 'Ongeza mdalasini, mke wangu,' nami namwongezea. Maskini, hakujua! Mama alikuwa na haki ya kunifukuza." Akaokota begi. "Ngoja nirudi nikawapigie magoti."

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango daktari alipovua miwani.

"Dada, hebu kaa kwanza. Mumeo anajua. Nilimwambia yote siku ile ya kwanza. Tena akaniuliza anywe kiasi gani ili avimbe tu, asife. Nikacheka, nikadhani ananitania."