Taa ya Kijani

Setilaiti za jeshi siku hizi hazifunguliwi kwa namba, bali kwa kumbukumbu. Mshauri mkuu wa usalama wa mtandao huchagua tukio moja la maisha yake asiloweza kulisahau, na ambalo hajamsimulia mtu yeyote. Mshauri huyo ni mume wangu, Sefania. Kwa hiyo kila Januari mimi huitwa kambini nisimulie yote ninayoyajua juu yake. Nikiligusa tukio lenyewe, taa nyekundu huwaka, naye hulazimika kuchagua jingine.

Mwaka huu nilianza na harusi yetu. Taa ikabaki kijani. Nikasimulia kuzaliwa kwa mapacha wetu. Kijani. Nikamtaja hata Nakijwa, mchumba wake wa kwanza. Kijani vilevile! Miaka ishirini namfulia soksi.

"Koplo, hiyo taa ni nzima kweli?"

Koplo Nyamizi akagonga muhuri kwa furaha. "Nzima. Hongera, mama, hujui kitu."

Nyumbani nilimkuta Sefania akipiga pasi sare yake.

"Imewaka?"

"Haikuwaka."

"Afadhali," akasema, akairudia kola yake, akitabasamu peke yake.