Mstari wa Kumi na Saba

Bibi Mwantumu aliinua dole gumba juu ya makala yangu, nami nilijua kwamba nikimshika mkono sasa hivi, nitaiokoa.

Nilikuwa nimepita kijijini kwake Lionja kumwonyesha tu. Utafiti wangu wa saratani ya shingo ya kizazi ulichapishwa mwaka 2001, na watafiti wenzangu wameshautaja mara mia moja na kumi na mbili. Nakala ile ilikuwa ya kamati ya chuo inayoamua nani awe profesa. Njia nzima niliikinga na vumbi.

"Mimi niko wapi humu?" aliuliza.

Nilimwonyesha jedwali, mstari wa kumi na saba. Jina la mgonjwa haliandikwi. Kuna umri, kuna matibabu, na mwishoni kuna maneno mawili niliyomsomea kwa Kiswahili: yu hai.

Akataka nirudie. Nikarudia.

Akarudi ukurasa wa kwanza, akagusa jina. "Na huyu wa juu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Mbona wewe umeweka jina, mimi sijaweka dole?"

Miaka yote ya utafiti, kila karatasi ya ridhaa niliyomletea aliiwekea dole. Leo hata wino haukuhitajika. Alikuwa anabangua korosho, na mafuta ya maganda yalikuwa yameufanya mkono wake kuwa mweusi. Mafuta yale hayafutiki.

Sikumshika. Akalibonyeza kando ya jina langu, polepole, kama tulivyomfundisha siku ya kwanza.

"Limekaa vizuri, daktari?"

"Limekaa, bibi."

Nyumbani nina nakala tano safi. Jumatatu nilipeleka kamatini ile yenye dole.