Gurudumu Lisisimame

Umeme ulikatika mji mzima, na simu ya Bi Mgeni ikazima huku bintiye akiwa wodi ya wazazi tangu alfajiri.

Siwema, msafiri wa baiskeli aliyeomba kupiga hema uani kwake, aliiweka baiskeli yake kwenye stendi, gurudumu la nyuma likining'inia, akachomeka simu ile kwenye dainamo ya gurudumu, akaanza kukanyaga pedali. Miguu ilimtetemeka kwa milima ya kutwa nzima.

“Pumzika, mwanangu.”

“Nikipumzika haitawaka, mama.”

Hatimaye simu ikawaka. Ikaita; ilikuwa namba ya bintiye. Bi Mgeni akaikandamiza sikioni, waya ukiwa umekazika kati yao. Kilisikika kilio, kikikatikakatika.

“Ni mtoto?” Siwema aliuliza.

Bi Mgeni akanyoosha mkono kumnyamazisha, asikilize.

Siwema akainama, akazidisha mwendo.