Ukuta Mzima

Niligonga ukuta kwa nyundo, ukaitika kama ukuta mzima. Nikagonga tena, nikimwomba Mungu nisikie ufa.

Mthamini wa bima alisema ukuta ubaki, upigwe plasta tu. Mthamini wa familia alitaka ubomolewe. Waliposhindwa kuelewana wakaniita mimi, nisiye wa upande wowote, niseme neno la mwisho.

Mwenye nyumba, mama mmoja mjane aitwaye Aikaeli, alisimama mlangoni. Moto ulimkuta mwanawe wa mwisho amelala chumba hiki. Kwenye masizi ya ukuta zilibaki alama za viganja vyake, alipopapasa akitafuta mlango.

Nilitoka hadi mpakani mwa kihamba, shamba lake la migomba, nikachuma jani la sale, nikalifunga fundo. Kwetu Machame, anayekuja na sale hanyimwi msamaha.

“Mama, nisamehe. Ukuta ni mzima. Utabaki.”

Alilitazama lile jani, kisha akalipokea kwa mikono miwili.

“Nimekusamehe, mwanangu,” alisema. “Sasa niambie, kitanda changu nikiweke upande gani, nisiamke nikiutazama?”