Mtoto wa Kabura Aliyeko Bahrain

Hezekiah alikusanya pasipoti zote kumi na moja kabla ndege haijasimama vizuri. Akazifungia ndani ya mkoba na kuukumbatia kama mtu aliyebeba kuku wa wizi.

"Hakuna mtu wa kujitenga," alisema. "Hii ni Bahrain, si Kagio."

Alisema hivyo akimtazama Kabura.

Hezekiah alikuwa mzee wa kanisa na muuzaji wa mabati pale kijijini Giakanja. Bahrain aliwahi kupita mara moja. Alikaa saa mbili kwenye kiti cha uwanja wa ndege, akanunua tende, akarudi nyumbani akiwa mtaalamu wa Uarabuni. Ndiyo sababu kanisa lilimpa uongozi wa safari hii ya kwenda kuuona mto Yordani. Hapa kisiwani wangengoja ndege nyingine kwa saa saba. Wangezungushwa mjini kwa basi, wapigwe picha mbele ya msikiti, wale, warudi. Baada ya hapo Giakanja ingekuwa na wataalamu kumi na mmoja.

Kabura hakutaka basi. Alijiandikisha kwa safari hii kwa ajili ya saa hizo saba tu. Alikuwa amehamia Giakanja miaka miwili iliyopita kutoka Kagio, kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea, mama mpole wa kukaa benchi la nyuma. Siku ya kwanza ya mkutano wa safari alisimama akasema niko na mtoto Bahrain, hatujaonana miaka kumi na mitano, nataka kumwona. Akaketi.

Yaliyobaki kanisa lilijazia lenyewe. Msichana alipelekwa kuosha vyombo vya Mwarabu, akapotelea huko, na sasa mama anajidai kutafuta Yordani.

"Huyo msichana wako," Theuri alimwuliza wakitembea kuelekea ukaguzi, "anakupokea wapi?"

Theuri alikuwa kiongozi wa kwaya, na sauti yake ilifika mbali hata asipoimba.

"Mtoto wangu anafanya kazi hapa hapa uwanjani," Kabura alisema. "Amesema tutaonana mlangoni."

"Anafagia?"

"Anasema ni kazi ya kukaa tu. Analalamika mgongo."

"Ati kukaa! Mwarabu alipe mtu akae!" Theuri aligeuka ili wenzake wapate kucheka. "Na miaka yote hiyo hajaja hata Krismasi?"

"Si yeye alikataa kuja. Mimi ndiye niliondoka. Alikuwa darasa la nne."

Hapo hawakucheka. Walitazamana, wakavuta midomo, na mama mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba hata paka hamwachi mtoto wake hivyo. Kabura akahamisha begi lake bega la pili, akaendelea kutembea.

Kwenye foleni Hezekiah alitoa sheria yake nyingine. "Tukifika mbele ya Mwarabu, tunaongea Kikuyu. Huyu hana habari. Unaweza kumwambia ananuka, na akakushukuru."

"Mzee, hapa heri tunyamaze," Kabura alisema.

"Mama, wewe umefika wapi kupita Mwea?"

Kabura akasogea mbele na foleni.

Nyuma ya kioo alikaa afisa kijana wa Kiarabu mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri. Hezekiah alimwekea pasipoti zote mbele yake na kutabasamu kwa meno yote.

"Oneni hizo ndevu," alisema kwa Kikuyu, bado akitabasamu. "Zimekatwa kama ua la boma la chifu."

Waumini waliinama kwa kicheko. Theuri naye akaongeza, kwa Kikuyu hicho hicho, kwamba mikono ile haijawahi kushika jembe. Aletwe Mwea apande mpunga nusu siku tu, atamlilia mama yake.

Afisa hakucheka. Alifungua pasipoti moja moja, akamtazama kila mwenye nayo, kisha akamwonyesha kwa kidole akasimame kando, ukutani. Hakugonga muhuri hata mmoja.

"Ameona sisi ni watu wa heshima," Hezekiah aliwaambia wenzake. "Tunaletewa gari."

Pasipoti ya mwisho ilikuwa ya Kabura. Afisa aliishika kwa muda mrefu.

Hezekiah akaona mambo yanaharibika. Aliondoka ukutani, akasogea kwenye kioo na kusema kwa Kiingereza kwamba mwanamke huyu asiruhusiwe kutoka. Ana msichana mtumishi humu nchini, atatorokea kwake, na kanisa liaibike. Heri azuiliwe hapo uwanjani mpaka ndege ya jioni.

Kabura alishika ukingo wa kaunta. Kiingereza hicho alikisikia vizuri.

"Mzee Hezekiah," alisema, "ni miaka kumi na mitano."

"Sheria ni sheria, mama. Tutakuombea."

Afisa aligonga muhuri kwenye pasipoti ya Kabura. Kisha akatoka kwenye kibanda chake, akaja mbele ya watu wote, akainamisha kichwa chini mpaka yule mama wa Kagio akaweza kumshika utosi.

"Mama, umekonda," alisema kwa Kikuyu, na kilikuwa Kikuyu cha Kagio kabisa, kile alichofunzwa na yaya aliyemlea nyumbani kwao mpaka darasa la nne. Akawageukia wale kumi waliokauka ukutani. "Na hawa, niwapitishe tu, au niwafunze adabu kidogo, vile ulinifunza mimi?"