Waya ya Aerial

Asubuhi nilikuwa napiga uniform pasi ya makaa wakati Boaz, bro yangu, alipanda kwa mabati kucheki aerial. Tangu aweke booster ya kuongeza signal, picha ya TV yetu ya zamani inagandaganda. Posho mill ya jirani ya kusaga unga ilikuwa inanguruma, so tulikuwa tunatextiana.

"Niaje fundi wa chini, imekuja?"

"Bado imeganda."

"Basi signal imezidi. Chomoa waya ya aerial kwa booster. Mi nimeshika mlingoti wake."

Nikachomoa. Waya ikaniuma vidole, ikapanda mpaka kwa kiwiko, nikaiangusha.

Haikuwa imeshikana na kitu yoyote ndani ya nyumba. Hiyo stima ilikuwa inatoka juu, kwa mlingoti wenye Boaz ameshika.

Nikamwita. Sauti yangu haisikiki hata darasani.

Nikaandika: "Boaz achilia mlingoti."

Hajasoma.