Aliyetoka Peke Yake

Kokugonza aliukataa mkungu wa ndizi wa Agnetha mbele ya msiba mzima.

"Chukua ndizi zako," alisema. "Mimi sili cha mtu aliyenisikia nikilia akakaa kimya."

Watu wakashika vinywa. Kukataa chakula cha matanga! Hata waliopelekana mahakamani huku Kyerwa hawafanyiani hivyo. Agnetha, ambaye yeye na Kokugonza walikuwa wameolewa mwaka mmoja na kusaidiana kulima ujana wao wote, alibaki na mkungu kichwani, machozi yakimtiririka.

"Dada yangu, haki ya Mungu hatukusikia."

"Hamkusikia nini? Nilipiga enduru mpaka sauti ikanikauka!"

Hapo kila mtu akatazama chini. Enduru si kelele tu. Ni yowe la hatari, na lina sheria yake: anayelisikia hulipokea kwa sauti yake mwenyewe, akalirusha kwa jirani wa mbele, naye jirani akalirusha kwa mwingine, hadi kijiji kizima kinatoka na kamba na majembe. Asiyetoka, siku yake ikifika hachimbiwi hata kaburi.

Na siku ile alitoka mmoja tu.

Masika ya mwaka huu yalikuja na hasira. Redio ilisema kimbunga kinapiga pwani, watu wakacheka: pwani iko wapi, na sisi tuko wapi? Lakini ile tambarare ya kando ya ziwa, alikoishi Kokugonza, iko chini kweli, na mvua ikizidi, ziwa halibishi hodi. Adhuhuri maji yalikuwa migombani. Alasiri yalikuwa jikoni. Yustus, mume wa Kokugonza, alikuwa amepooza miguu, yuko kitandani. Kokugonza alijaribu kumbeba, wapi! Mwanamume yule alikuwa na mwili wake. Akasimama mlangoni akapiga enduru, akapiga tena.

Aliyekuja ni Nestory, binamu wa Yustus. Nyumba yake iko juu, penye shingo ya kilima, katikati ya watu wa ziwani na kijiji kilicho upande wa pili wa kilima. Alishuka na mabuti yake, kamba begani, akayakata maji yaliyomfika kifuani, akamtoa Kokugonza akiwa amembeba mgongoni. Aliporudi kumfuata Yustus, ukuta wa udongo ulikuwa umeshaanguka.

"Tungekuwa wanaume wanne, shemeji, tungembeba na kitanda chake," alisema Nestory huku akilia. "Mikono yangu ni miwili tu."

Maneno hayo yakamkaa Kokugonza rohoni. Wanaume wanne! Kijiji kimejaa wanaume, na wote siku ile walijikunyata majumbani wakitafuna kahawa. Watu ambao wake zao yeye ndiye aliyewazalisha. Watu ambao misiba yao yeye ndiye aliyeipikia. Wanafiki wakubwa! Kifo cha mumewe kilimuuma, lakini kuachwa na watu wake kulimuuma kuliko kifo.

Basi siku ya kuanua matanga alisimama mbele ya wazee wa ukoo. Yeye na Yustus Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo wazee walimwachia yeye neno.

"Kibanja cha Yustus, shamba lote la migomba, nampa Nestory," alisema. "Ndugu ni yule anayetoka ukimwita."

Hakuna aliyepinga. Wangepinga kwa uso gani? Hata Mzee Byarugaba alitikisa kichwa kukubali. Vuli iliyopita naye alitolewa majini na Nestory huyohuyo, peke yake, na kwa shukrani akamwachia shamba lake la ziwani, akahamia kwa binti yake Ihanda. Sasa kule chini alikuwa amebaki Jovitus tu, na mkewe, na watoto wao wadogo, ambao siku ya Yustus walikuwa ugenini.

Nestory na mkewe, Kemigisha, walimpa Kokugonza chumba, wakamtandikia nyasi mpya chini. Kila asubuhi Kemigisha alipiga magoti kumwamkia shikamoo. Agnetha alikuja mara mbili hadi uani kumwomba waongee. Mara zote mbili Kokugonza alimpa mgongo.

Siku moja mvua ikarudi mchana, nzito, ya kutisha. Kokugonza na Kemigisha walikuwa wanamenya ndizi, Nestory ananoa panga. Katikati ya kishindo cha mvua juu ya bati, Kokugonza akasikia sauti nyembamba ikipanda kutoka ziwani. Akaacha kisu.

"Enduru! Ni mke wa Jovitus!"

Nestory alikuwa ameshasimama. Alivaa mabuti, akachukua kamba ukutani. Mungu ambariki mtu huyu, Kokugonza aliwaza. Kemigisha hakuinua kichwa, aliendelea kumenya.

Kokugonza akakimbilia mlango wa nyuma, ule unaotazama kijijini. Safari hii hawatasema hawakusikia. Atawapigia mpaka watoke wote, na Agnetha wake mbele! Watoto wa Jovitus hawatakufa kama alivyokufa Yustus. Akaweka mikono mdomoni, akavuta pumzi.

Kiganja kikamziba mdomo.

"Usiipeleke mbele, shemeji," Nestory alimwambia kwa upole, kama anayemweleza mgeni mazoea ya nyumba. "Naenda peke yangu. Inatosha."